Astashahada ya Sheria Ipewe Kazi Yake

Mtanzania wa kawaida akiguswa na sheria, ni nadra mtu wa kwanza kukutana naye kuwa wakili, na ni nadra zaidi kuwa jaji. Anakutana na mtendaji wa kijiji aliyeandika muhtasari wa mkutano uliogawa ardhi yake. Anakutana na katibu wa baraza la kata. Anakutana na karani wa mahakama ya mwanzo anayemwambia fomu imekosewa, aende akairekebishe arudi kesho. Anakutana na msambaza nyaraka aliyemletea samansi, au na msaidizi wa kisheria aliyeketi kwenye benchi nje ya ofisi ya kata akisikiliza kesi za ndoa na mipaka ya mashamba. Kwa macho ya mwananchi, watu hawa ndio sheria yenyewe. Na elimu yao ya sheria, kwa wale walioipata, ni ile ya ngazi za chini: kozi ya siku chache, astashahada ya mwaka mmoja, au stashahada.

Sisi tukizungumzia elimu ya sheria huzungumzia ya juu tu. Oktoba 2022 yalipotangazwa matokeo ya Law School, shule inayowaandaa mawakili, ilibainika kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani, na 265 wakaondolewa. Nchi nzima ilizungumza. Magazeti yaliandika kwa wiki kadhaa, na Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Ilikuwa haki kuhoji, kwa kuwa nchi inahitaji mawakili waliopikwa wakaiva. Lakini sijawahi kuona mjadala hata robo ya huo kuhusu kijana anayemaliza Astashahada ya Awali ya Sheria mwezi wa saba na kuanza kutafuta kazi mwezi wa nane. Hakuna kamati iliyoundwa kumuulizia. Ada amelipa, mitihani amefanya, cheti anacho, na hakuna mahali popote katika sheria zetu palipoandikwa wazi kwamba kazi fulani ni yake.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Tumezifanya astashahada na stashahada za sheria kuwa sebule ya kusubiria shahada. Anayeingia haulizwi amekuja kujifunza kazi gani, anaulizwa ataondoka lini kwenda chuo kikuu. Nasema ngazi hizi zipewe kazi yake kwa jina, zifundishwe kwa ajili ya kazi hiyo, na zifundishwe kwa lugha ambayo kazi hiyo hufanyika.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Waafrika nchini waliosomea sheria walihesabika kwa vidole. Kitivo cha sheria ndicho kilichokuwa cha kwanza kufunguliwa katika chuo kikuu kipya cha Dar es Salaam mwaka huohuo. Mwaka 1963 Bunge likaziunganisha mahakama za wenyeji na mfumo mmoja wa mahakama za nchi, na mahakama ya mwanzo ikawa ndiyo ngazi ya chini. Ni wazi kwamba mahakama hizo, zilizotapakaa kila tarafa, hazikuweza kusubiri wenye shahada. Zilihitaji watu waliofunzwa kwa muda mfupi, wenye akili timamu na wanaoifahamu jamii. Mzumbe ikawafunza mahakimu kwa miaka mingi. Baadaye, kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1998, kikaanzishwa Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto, kwenye milima ya Usambara, nacho kikaendelea kutoa vyeti na stashahada. Katika zama hizo cheti cha sheria kilikuwa na mwajiri anayekisubiri: mwenye nacho alijua anaweza kwenda kukaa kwenye kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo, Kilosa au Sumbawanga.

Siku hizi tangazo la nafasi ya hakimu linataka shahada ya sheria na mafunzo ya Law School. Siipingi hatua hiyo. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliipa mahakama ya mwanzo uwezo wa kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 50 kwa mali isiyohamishika, na mwaka 2021 mawakili wakaruhusiwa kuingia humo kutetea wateja wao, jambo lililokuwa marufuku kwa miongo mingi. Hakimu anayesikiliza mashauri mazito kiasi hicho anastahili kusoma sana. Tatizo ni kwamba tulipompandisha hakimu hatukukaa chini kujiuliza cheti kilichokuwa kikimzaa sasa kimzae nani. Vyuo vikaendelea kudahili. Vyuo binafsi vikaongezeka, maana darasa la sheria halihitaji maabara wala karakana, linahitaji viti na mwalimu. Mwenye alama D nne za kidato cha nne, ukitoa masomo ya dini, anaingia ngazi ya nne ya mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, anasoma mwaka mmoja, kisha mwaka wa pili na wa tatu hadi stashahada, ngazi ya sita.

Anasoma nini humo? Kwa kiasi kikubwa anasoma shahada iliyopunguzwa kimo. Mikataba, jinai, katiba, madhara, mbinu za kisheria. Atatoka akikusimulia kesi ya Carlill ya mwaka 1893, yule mama wa Uingereza aliyenunua dawa ya mafua akaugua mafua yaleyale. Kesi hiyo ni nzuri na ina mafunzo yake. Lakini mpe kijana huyo jalada la mirathi la mahakama ya mwanzo umwambie alikague kabla halijafika kwa hakimu, uone.

Ngoja nikae kidogo kwenye mirathi, kwa sababu ndiyo inayowaleta watu wengi mahakamani, na ndiko ninakoona pengo hili kwa uwazi zaidi. Chukua mama aliyefiwa na mume. Ukoo umekaa, umempendekeza awe msimamizi, na muhtasari wa kikao umeandikwa kwenye karatasi la daftari na kusainiwa na mashemeji. Anakwenda mahakamani akiwa na cheti cha kifo. Anatakiwa kujaza Fomu Na. I, maombi ya usimamizi. Tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akiteuliwa anapewa Fomu Na. IV. Wengi wetu tunadhani hapo kazi imekwisha, na wengi wa wasimamizi hudhani hivyohivyo: wanaichukua ile barua ya uteuzi wanakwenda nayo benki. Kanuni za mwaka 1971 zinasema kwamba ndani ya miezi minne msimamizi awasilishe Fomu Na. V, orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye Fomu Na. VI, hesabu ya jinsi mali ilivyogawanywa. Usimamizi wa mirathi ni kazi yenye mwisho. Bila Fomu Na. VI jalada halifungwi. Miaka minane baadaye mtoto wa nje anajitokeza, au shemeji anauza kiwanja, na shauri lililodhaniwa limekufa linafufuka likiwa na meno.

Kuna jambo lingine kubwa zaidi, na linakaa kwenye swali moja la mlangoni. Kwa miaka mingi mahakama ya mwanzo imekuwa na mamlaka juu ya mirathi pale tu sheria inayotumika inapokuwa ya kimila au ya Kiislamu. Marehemu aliyeishi maisha ya Kikristo, akaoa kanisani na kuachana na mila za kwao, mirathi yake ilipaswa kufunguliwa kwingine. Familia nyingi hazikuambiwa. Zilifungua, msimamizi akateuliwa, zikagawana, wengine wakauza na kujenga, kisha kwenye rufaa Mahakama Kuu ikafuta kila kitu kwa sababu mahakama ya chini haikuwa na mamlaka tangu siku ya kwanza. Swali lenyewe lilikuwa fupi: marehemu aliishi kwa desturi gani? Halihitaji shahada. Linahitaji mtu aliyefundishwa kwamba lazima liulizwe, na aliyekalishwa mahali ambapo watu wanapita.

Mtu huyo ndiye ninayetaka astashahada imtengeneze. Amjue mama yule tangu anapoingia getini, amwelekeze mahakama inayofaa, amsaidie kuorodhesha mali bila kusahau deni la VICOBA wala shamba la kijijini, na amwandikie kwenye karatasi tarehe ya kurudisha Fomu Na. V.

Kwenye kazi na ajira ni hivyohivyo. Kibarua wa kiwandani aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Madai mengine yana siku 60. Wangapi wanajua? Mwajiri anamwambia "subiri nyumbani, tutakupigia," naye kwa ustaarabu anasubiri. Mwezi wa tatu akishtuka, anaanza na maombi ya kuongezewa muda, na hapo anapaswa kueleza kila siku ya kuchelewa kwake. Anayetaka kukata rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ana siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ana siku 45. Haki nyingi katika nchi hii hazipotei kwa sababu mtu hakuwa na hoja, zinapotea kwenye kalenda. Na kuhesabu siku ni kazi ambayo kijana wa miaka ishirini anaweza kufundishwa akaifanya vizuri kuliko wakili mwenye majalada mia mbili mezani.

Twende kijijini sasa, kwa sababu huko kuna ajira halisi ambayo astashahada ya sheria tayari inaruhusiwa kuiomba, nasi hatuitumii inavyostahili. Matangazo ya nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III hutaka mhitimu wa kidato cha nne au cha sita mwenye astashahada ya ngazi ya tano katika fani kama utawala, maendeleo ya jamii, usimamizi wa fedha, au sheria. Sheria imo kwenye orodha. Lakini imo kama mojawapo tu, kana kwamba kazi ya mtendaji na sheria ni majirani wasiosalimiana.

Fikiria anachofanya mtendaji. Ndiye katibu wa Halmashauri ya Kijiji na wa Mkutano Mkuu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu. Siku mgogoro ukifika barazani, jambo la kwanza wazee wa baraza na mwenyekiti watakalouliza ni hili: muhtasari uko wapi? Mkutano ulikaa lini, akidi ilitimia, nani waliunga mkono, eneo lilielezwa kwa mipaka gani? Ikiwa mtendaji aliandika mstari mmoja tu kwamba "mkutano uliridhia wawekezaji wapewe eneo," basi ameacha nyuma yake kesi ya miaka kumi. Kijiji kinagawanyika, mifugo inakatwa mapanga, watu wanauana, na chanzo chake ni ukurasa wa daftari la mihtasari ulioandikwa na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba anaandika ushahidi.

Hili ni somo la wiki sita. Linafundishika kwa mifano halisi ya mihtasari iliyoanguka barazani na ile iliyosimama. Sijui somo lingine lolote katika mtaala wa sheria ambalo lingeokoa maisha ya watu wengi kwa gharama ndogo namna hiyo.

Baraza la kata nalo linamngoja mtu huyuhuyu. Mabaraza haya yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na kwa muda mrefu yaliamua mashauri ya ardhi. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea uwezo wa kuamua, yakayabakizia usuluhishi. Sasa mwenye mgogoro wa ardhi anapita kwanza kata, wanasuluhishwa, na wakishindikana baraza linathibitisha kwa maandishi kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo aende wilayani. Wapo walioona mabaraza yameshushwa hadhi. Mimi naona yamepewa kazi ngumu zaidi. Kuamua kunahitaji mamlaka, kusuluhisha kunahitaji ufundi: kuwasikiliza ndugu wawili wasioongea, kupima wanachogombea kweli, kuandika makubaliano ambayo hayatageuzwa kesho asubuhi. Katibu wa baraza ndiye anayebeba maandishi yote hayo. Katika kata nyingi, katibu huyo hana mafunzo yoyote ya sheria wala ya usuluhishi. Kata zetu ni maelfu. Kwa hiyo mtu akiniambia wahitimu wa astashahada ya sheria hawana soko, namwomba atembelee baraza la kata lililo karibu naye siku ya kikao.

Nije kwenye lugha. Mahakama ya mwanzo imefanya kazi zake kwa Kiswahili tangu zamani, kwa amri ya sheria. Mwaka 2021 Bunge likaenda mbali zaidi: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama na mabaraza yote, isipokuwa pale haki inapohitaji vinginevyo. Mtendaji anaandika kwa Kiswahili. Katibu wa baraza anaandika kwa Kiswahili. Kiapo cha mama mjane ni kwa Kiswahili. Halafu kijana anayeandaliwa kuwahudumia watu hawa anafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, tena akiwa na D ya Kiingereza ya kidato cha nne. Mwaka wa kwanza unaishia kukariri istilahi za kigeni. Anajua kueleza kanuni kwa sentensi ya kitabu, lakini mwambie aandike hati ya madai, utetezi wa maandishi au maombi ya zuio kwa Kiswahili safi kinachosomeka, anakwama. Wa kulaumiwa hapo ni mtaala na lugha ya darasani. Yeye hajawahi kuonyeshwa hati moja iliyoandikwa vizuri kwa lugha yake.

Anayetaka kuendelea na shahada asome Kiingereza cha sheria, tena asome kweli, kwa kuwa hukumu za miaka sitini zimo katika lugha hiyo. Kiwe somo. Lakini mtihani wa kuandaa nyaraka, wa kumhoji mteja na wa kuandika muhtasari ufanyike kwa Kiswahili. NACTVET ina uwezo wa kulisimamia hili kupitia mitaala inayoiidhinisha, na walimu wapo.

Je, hili la kukipa cheti kazi yake linawezekana? Tumeshalifanya mara moja. Watanzania wenye umri wangu wanakumbuka sifa ya madalali wa mahakama: watu wa kutisha, wanaovunja milango alfajiri, wanaouza nyumba kwa bei ya kutupa kwa jamaa zao. Kanuni za mwaka 2017 za madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka zikaweka sharti: anayetaka kazi hiyo apate kwanza mafunzo na cheti cha Lushoto. Mafunzo yakapata maana siku ileile, maana yalielekezwa kwenye kazi moja inayojulikana: kupeleka samansi ipasavyo, kuapa kwamba umeipeleka, kukamata mali kwa kufuata amri, kufanya mnada kwa uwazi. Malalamiko hayajakwisha, lakini leo dalali akikosea kuna kipimo cha kumpimia na kuna cheti cha kumnyang'anya. Kazi ikitajwa na sheria, chuo kinajua kifundishe nini, na mwananchi anajua amshitaki nani.

Kwa wasaidizi wa kisheria tulianza vizuri tukaishia njiani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi kwa Tanzania Bara, na Zanzibar ikafuata na ya kwake mwaka 2018. Ilikuwa hatua kubwa, kwa watu waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa miaka mingi chini ya mashirika ya kiraia bila kutambuliwa na polisi wala mahakama. Tangu mwaka 2023 kampeni ya msaada wa kisheria inayobeba jina la Rais imewapeleka mikoani, na watu wamefurika. Lakini sheria hiyohiyo inamkataza msaidizi wa kisheria kumtoza anayemhudumia na haimpi mshahara. Anaishi kwa posho za miradi. Mradi ukiisha, simu yake inaendelea kuita usiku, mwanamke amepigwa, mpangaji ametolewa vyombo nje, naye nauli ya bodaboda hana. Mwaka mmoja anavumilia, wa pili anavumilia, wa tatu anafungua duka la M-Pesa. Mafunzo yote yanaondoka naye.

Nafasi yake inajazwa na kishoka. Nenda nje ya mahakama yoyote ya mjini, utawakuta kwenye vibanda vya steshenari, wanaandika hati za madai kwa kunakili ya jana na kubadilisha majina. Wanatoza bila risiti. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, na inataka jina la mwandaaji lionekane kwenye waraka. Kishoka haandiki jina. Anaandika kwamba waraka umeandaliwa na mdai mwenyewe, na mdai mwenyewe hajui hata kilichomo. Hakimu akikuta hati haina miguu wala kichwa, anaitupa, na gharama zinamwangukia yule maskini.

Mawakili wenzetu wana hofu, na hofu yao naiheshimu. Wanasema ukiwaruhusu wenye astashahada kutoza hata shilingi elfu tano, umehalalisha vishoka. Wanasema mwananchi hatajua tofauti, na kwamba kosa dogo kwenye hati linaweza kuua kesi kubwa. Yote ni kweli iwapo tutafungua mlango bila mlinzi. Ila mawakili waliomo kwenye daftari, hata wakiwa wamevuka elfu kumi, wanahudumia nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na sehemu kubwa yao wako Dar es Salaam na miji michache. Mwenye mgogoro wa shilingi laki tatu huko Nkasi hana wakili wa kumkimbilia, na hakuna wakili atakayesafiri kwa laki tatu. Mtu huyo anachagua kati ya kishoka na kutokuwa na mtu kabisa. Astashahada yenye usajili, yenye orodha fupi ya kazi zinazoruhusiwa, yenye ada iliyopangwa na Msajili wa watoa msaada wa kisheria na kubandikwa ukutani, na yenye adhabu kwa anayevuka mpaka, itamnyang'anya kishoka soko lake kwa namna ambayo misako ya polisi haijaweza.

Kusimama mahakamani kubaki kwa mawakili, hilo sibishi. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa ilimruhusu mfanyakazi kuwakilishwa mbele ya CMA na kiongozi wa chama chake, na wakili, au na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe. Bunge liliona kwamba kuna milango ambayo asiye wakili anaweza kupita na haki isidhurike.

Majirani wanatembea. Kenya ilipitisha sheria yake ya msaada wa kisheria mwaka 2016 ikiwataja wasaidizi wa kisheria walioidhinishwa, na Kenya School of Law, shule ileile inayowaandaa mawakili, inatoa stashahada ya kazi hiyo. Nchini Malawi, tangu mwaka 2000 wasaidizi wa kisheria wameingia magerezani kuwafundisha mahabusu namna ya kujiombea dhamana na kuwatafuta waliosahauliwa rumande. Uingereza kwenyewe, tulikochukua mawigi na majoho, waliokuwa makarani wa ofisi za mawakili walipata chama chao rasmi mwaka 1963, wakajengewa ngazi zao za mitihani wakiwa kazini, na mwaka 2010 mmoja wao aliteuliwa kuwa naibu jaji wa wilaya bila kupitia njia ya kawaida ya mawakili. Kwao, aliyeanzia chini alikuwa na kazi ya kufanya huku akipanda.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Katiba na Sheria ipeleke bungeni marekebisho ya ile sheria ya 2017, izitaje kazi za mwenye astashahada na stashahada, na impe njia halali ya kujipatia riziki. Naiomba TAMISEMI iandike kwenye muundo wa utumishi kwamba katibu wa baraza la kata awe na walau astashahada ya sheria, na kwamba mtendaji wa kijiji asiyesomea sheria apate mafunzo ya mihtasari na ardhi kabla ya kukabidhiwa muhuri. Naiomba Mahakama ifungue masjala zake kwa wanafunzi hawa kwa muhula mzima, chini ya karani mzoefu, badala ya wiki chache za kusaini kitabu cha mahudhurio.

Na wewe mzazi, ambaye mwanao amemaliza kidato cha nne na ana D zake nne, na kijitabu cha chuo cha sheria kiko mezani: kabla hujalipa ada, hakikisha chuo kimo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET. Kisha nenda mwenyewe ukaulize ni mahakama gani au baraza gani litampokea kwa mafunzo ya vitendo, na kwa muda gani. Omba uonyeshwe hati moja ya Kiswahili iliyoandikwa na mwanafunzi wa mwaka jana. Uliza wahitimu watatu wa mwisho wanafanya kazi wapi. Wasipokuwa na majibu, mpeleke mtoto chuo kingine.